Waliokula Mbuzi za Kasugho

Mimi ni mtu wa karatasi. Mama alizoea kusema kwamba mvua ikianza kunyesha nitatafuta kwanza kalamu niandike saa, ndipo nianue nguo. Alinitania, lakini hakuwa mbali na ukweli. Nilifundisha hesabu na historia katika shule ya msingi ya Waprotestanti pale Butembo, na kwa ujeuri wa kijana aliyefaulu mitihani yake yote niliamini kwamba watu wakionyeshwa jambo lilivyo watalikubali. Wakikataa, basi hukulieleza vizuri, rudia polepole. Hivyo ndivyo nilivyowafundisha watoto kugawanya, na nilidhani mkutano wa mtaa nao huenda hivyohivyo.

Vita ya pili ya nchi yetu ilikuwa imetukata vipande. Mji wetu ulikuwa chini ya wenye bunduki hawa, msitu wa magharibi chini ya wale, na kila upande ulikuwa na wakubwa wake na mihuri yake. Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa huko magharibi, upande wa Kasugho. Siku moja wauza maharage walituletea habari kwamba kijiji chake kimechomwa, na kwamba yeye yuko Musienene, chini ya banda la soko, na mtoto wa wiki tatu mgongoni.

Nilipanda baiskeli alfajiri ile ile. Baridi ya Musienene haina adabu, inamwingia mtu hadi kwenye mifupa hata mchana. Nilimkuta dada amekaa juu ya gunia la viazi lisilo na viazi, mtoto amefungwa ndani ya kitenge kilicholowa, anakohoa kikohozi kidogo kikavu ambacho sikukipenda hata kidogo. Pembeni yake alilala mama mkwe wake, miguu imevimba. Nilitaka kuwabeba wote watatu muda ule ule. Haikuwezekana. Wanajeshi wa mji walikuwa wametoa amri: anayetoka upande wa msitu hapiti kizuizini mpaka mtaa fulani umkubali kwa orodha yenye sahihi ya shefu wa quartier, yaani mkuu wa mtaa. Na ikitokea baadaye mmoja wao ameonekana na silaha, nyumba za waliompokea zitajibu. Sote tulijua nyumba hujibu namna gani. Katika mtaa wa pili kutoka kwetu, mbili zilikuwa zimechomwa pamoja na maharage yaliyokuwa ndani.

Basi nikatoa daftari, nikaanza kazi ninayoiweza. Niliandika kila aliyekuwa chini ya lile banda: kaya saba, watu thelathini na wanane, umri, kijiji, kazi. Manyunyu yalikuwa yanaingia kwa upande, na mwanamume mmoja alisimama juu yangu muda wote akishikilia kipande cha plastiki ili karatasi isilowe. Alikuwa mkulima, anatoka mbele zaidi ya Kasugho, ana mke, watoto wawili na baba mzee. Dada akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mtu huyo ndiye aliyembeba mama mkwe wake mgongoni siku nzima, kutoka mtoni hadi barabarani, bila kumjua. Nilimshukuru. Alicheka tu, akasema bibi wa watu alikuwa mwepesi kuliko gunia la muhogo.

Juu ya hayo yote, kila kaya ilikuwa na cheti kutoka kwa shefu wa kijiji, chenye muhuri, kinachosema hawa ni raia wa amani. Nilivikusanya vyote saba kwa furaha isiyo na kifani. Kwetu karatasi bila muhuri ni jani la mgomba. Nilijiona nimeshashinda, nikarudi Butembo nikiimba njia nzima, mjinga mimi.

Jumamosi ni siku ya salongo, kazi ya pamoja ya mtaa. Tulizibua mitaro hadi saa nne, kisha watu wakakusanyika uwanjani pa shule wakiwa na majembe yao na tope hadi magotini, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, na shefu akasema mwalimu ana neno. Nilikuwa sijapata usingizi siku mbili. Nilisoma orodha yote, jina kwa jina. Nilieleza kwamba wengi ni wanawake na watoto, kwamba hawakukutwa na silaha hata moja, kwamba mitaa mingine imepokea watu wengi zaidi na bado iko salama. Mwishoni nikainua vile vyeti saba juu ili kila mmoja aone mihuri.

Aliyesimama baada yangu alikuwa mfanyabiashara wa chumvi na sabuni, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Naomba nimtendee haki: hakuwa mtu mbaya. Duka lake lilikuwa limeporwa mara mbili, na mara ya pili mkewe alipigwa mbele yake. Hakupinga jina hata moja. Alinishukuru kwanza kwa kazi nzuri. Kisha akauliza taratibu, kama anayetaka kujifunza, huyo shefu aliyepiga mihuri anakaa kijijini na nani. Kila mtu alijua kwamba shefu yeyote wa upande ule anakaa na wenye bunduki wa upande ule, la sivyo hakai kabisa. Kile nilichokiinua juu kwa kiburi kilikuwa muhuri wa adui. Mikono yangu ilishuka yenyewe.

Halafu akasema maneno ambayo ningeweza kuyaandika hata leo usingizini:

«Mwalimu amesema ni batu ya kimya. Sawa, mi nakubali. Mais ule mwenye iko nabafwata, yeye atalala kwa nani?»

Akaketi. Alimaanisha: ni watu wa amani, sawa, lakini yule mwenye bunduki anayewafuata, yeye atalala kwa nani? Niliona akina mama wakiwavuta watoto karibu. Mtu mmoja aligeuka akatazama barabara ya Musienene, na wengine wakageuka kutazama wanachokitazama wenzao, ingawa hakukuwa na kitu ila mwanamke anasukuma baiskeli yenye mkaa. Nilisimama tena, nikaanza kusema kwamba hakuna ushahidi wa mtu yeyote anayewafuata. Kadiri nilivyosema «anayewafuata», ndivyo huyo asiyekuwapo alivyozidi kuwapo. Nilijisikia nikimjengea nyumba kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilikuwa na majibu thelathini na manane ya swali ambalo halikuwa tena mbele ya watu. Mimi nilijibu hawa ni kina nani. Yeye alikuwa ameshawapeleka wote kwenye swali jingine, litatupata nini, na huko hakuna orodha inayofika. Nilimkasirikia sana. Nilijikasirikia zaidi, kwa sababu mtoto alikuwa anakohoa Musienene na mimi nilikuwa nahesabu.

Shefu alikuwa ameshafungua mdomo kufunga mkutano mama yangu aliposimama. Aliuza maharage sokoni maisha yake yote na hakuwahi kuingia darasani. Alijipangusa tope mikononi kwa kitenge, akawapa mgongo wanaume, akawageukia wanawake.

«Mi hapana soma», alisema. «Nauliza tu. Nani hapa alikula mbuzi ya Kasugho? Anyanyue mukono.»

Msomaji asiye wa kwetu aelewe. Kwetu mahari ni mbuzi. Familia ya kijana inawaleta, familia ya binti inawapokea na kuwala na ndugu na majirani, na kuanzia siku hiyo watu hao ni wakwe, na mkwe ni mtu unayemheshimu hadi unachagua njia ya kupita ili asikukute ukiwa na nguo chafu. Mama alikuwa wa kwanza kunyanyua mkono. Kitambo kirefu hakuna aliyemfuata. Kisha bibi mmoja mzee akanyanyua, halafu mwingine aliyekuwa na mabinti wawili walioolewa huko, halafu mwanamume mmoja, kwa haya. Mke wa mfanyabiashara wa chumvi naye alinyanyua wake. Mdogo wake aliolewa upande ule. Mumewe akatazama chini.

«Basi hawa hapana bakimbizi», mama akasema. «Ni bakwe. Mukwe akipiga hodi, tunamuuliza karatasi?»

Watu walicheka, kicheko cha aibu, na katika kicheko kile nikahisi uwanja mzima ukigeuka. Hakuna jambo lolote lililokuwa limebadilika. Walikuwa watu wale wale thelathini na wanane, mihuri ile ile, hatari ile ile barabarani. Ila sasa kumfungia mtu nje ilikuwa ni kujivua nguo mbele ya wakwe. Nilijaa furaha, na wivu pia, nakiri.

Mfanyabiashara hakuwa mjinga. Alisimama mara moja, akamsifu mama, akasema amesema kweli, bakwe waingie. Bakwe tu. Watu wakaitikia kwa nguvu, wamefarijika kwamba kuna mpaka mahali fulani. Shefu akanipa kalamu, akaniambia nisome upya nikionyesha nani ni mkwe wa nani. Kaya sita zilipata mtu wa kuzipokea. Ya saba ilikuwa ya yule mwanamume wa plastiki. Niliitaja. Hakuna aliyenyanyua mkono. Hakuna aliyekula mbuzi zao.

Hapo ndipo nilipokuwa na jambo la kusema. Ningesema: mtu huyu alimbeba mgongoni mama mkwe wa dada yangu. Ulikuwa ukweli ambao hata mama angeufurahia. Ulinijia hadi kwenye meno. Lakini niliwaza, nikifungua mdomo tena na jambo jingine, yule jirani atasimama tena, na swali lake litarudi, na safari hii mama hatakuwa na neno la pili. Niliona uso wa shefu, ameshachoka. Nilisikia kile kikohozi. Nilichora mstari juu ya majina matano, mstari mnyoofu, kama ninavyofanya siku zote, na nikampa shefu atie sahihi. Nilifanya hivyo kwa sababu niliogopa, na sina maelezo mengine.

Jumatatu nilikwenda kuwapokea kizuizini. Askari alisoma orodha akiwapitisha mmoja mmoja. Dada alipita, mama mkwe akasukumwa kwenye baiskeli yangu, mtoto akiwa wa moto kama mkate uliotoka tanurini. Wa mwisho kusimama mbele ya kamba walikuwa yule mwanamume, mkewe, watoto na mzee. Alinitazama bila hasira. Alidhani ni kosa la kuandika, kwamba nimeruka mstari.

«Mwalimu», aliniuliza, «siye tulisahaulika?»

Nilimwambia angoje, nitaongea na shefu. Nilisema hivyo nikiwa nimeshamgeukia dada. Siku ile na iliyofuata tulikuwa zahanati na mtoto, na sikuongea na shefu. Mtoto alipona. Siku ya tatu nilirudi kizuizini asubuhi, na askari akaniambia hao wamepakiwa kwenye lori la kwenda Beni, hawawezi kulala barabarani milele. Nilirudi kufundisha. Mtaani walinipongeza kwamba mama yangu ni jembe, na wengine walianza kusimulia mkutano ule kana kwamba tulipokea wote.

Vita ilipotulia kidogo nilitumwa Beni kwenye semina ya walimu. Kule ni chini, kuna joto, pikipiki zinapita karibu na vidole vya miguu, na kando ya barabara watu huanika kakao juu ya maturubai ya plastiki. Mwanamke mmoja aliyekuwa akigeuza kakao kwa miguu alisimama akaniita mwalimu. Sikumtambua hadi alipotaja Musienene. Nilitaka ardhi inimeze. Aliniletea kiti na maji kwa kikombe, akaniambia mzee alifariki mwezi wa kwanza baada ya wao kufika, na mumewe alichukuliwa na wanajeshi kubeba risasi kuelekea kaskazini na mpaka leo hajarudi. Alisema hayo kwa sauti ya mtu aliyeyazoea. Kisha akamwita binti yake, aliyekuwa sasa msichana wa miaka kumi na mitatu hivi, aje anisalimie.

«Huyu ndiye mwalimu alitupigania kule Butembo», alimwambia. «Alitetea jina yetu mpaka mwisho. Ni bakubwa ndio balikataa.»

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na kila jambo tayari na mpangilio wake: uwanja, kalamu, mstari. Msichana alipangusa vumbi la kakao kwenye sketi yake, akainama kidogo, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili na kusema asante. Mama yake alikuwa anatutazama, anatabasamu. Nikamwambia yule msichana kwamba nilifanya nilichoweza.