Panzi bila miguu

Citoyennes, wamama wenzangu, leo kidogo niue kinyonga wa mutoto wangu na njaa, chakula iko mbele yake!

Ni yule wa pembe tatu, binti yangu Furaha alimuokota akiwa mudogo kama kidole. Sasa amekomaa, panzi wawili hawamutoshi tena.

Basi tangu juzi namutayarishia mimi mwenyewe, panzi sahani nzima.
Siku mbili, hagusi.

Asubuhi nikasema: "Furaha, asipokula leo, tunamurudisha kwenye majani. Sitaki afie humu."
Mutoto machozi tayari.

Nikakaa kung'oa panzi mabawa na miguu, vile tunafanyaga mbele ya kuwakaanga. Bébé mugongoni, usingizi machoni.

Furaha akanishika mukono.
"Maman, huyu umuachie miguu. Yenye haitembei, kinyonga haioni."

Nikamuachia. Panzi akatembea kidogo tu.
Jicho moja la kinyonga likageuka, la pili likafuata, halafu ule ulimi, mama yangu! Murefu kumupita mwenyewe!

Mimi nilikuwa naangalia sahani. Mutoto wa miaka saba alikuwa anaangalia mwenye kula.

Mwenzangu gani amekwisha kufundishwa hivi na mutoto wake? Musinichekee peke yangu.

Kinyonga anabaki. Lakini panzi, Furaha atawashika mwenyewe.