Tundu la Kuchungulia

Kila maduka ya wageni yanaposhambuliwa Rosettenville, mjini Johannesburg, fundi wa mbao hufika vioo vikiwa bado vimetapakaa, na kabla ya kugusa chochote huomba ufagio. Hufagia mwenyewe, polepole, kana kwamba yeye ndiye aliyevivunja. Kisha hupima dirisha, hukata plaiwudi na kuikaza, na kila skrubu akimaliza huipapasa kwa kidole gumba. Leo yuko kwa Mwanaharusi, muuza vitenge, ambaye kioo chake kilipigwa jiwe alfajiri. Ubao umeshaziba dirisha zima, duka limeingia giza, na Mwanaharusi anadhani kazi imekwisha.

"Dada, simama hapa, tazama mbele," anasema fundi. Lafudhi ya Tanga haijamtoka. Anatia alama ya penseli usawa wa jicho la Mwanaharusi, anatoboa tundu.

"La nini hilo?"

Anapuliza unga wa mbao. "Mwaka juzi nilimzibia Bakiri wa simu, duka la pale kona. Sikumwachia pa kuchungulia. Nilipoondoka tu, mtu akagonga, akasema ni fundi, amesahau bisibisi. Naye akafungua."

"Akapona?"

"Tulimzika Ijumaa."

Anakusanya vyombo, anaaga, anatoka. Mwanaharusi anafunga mlango, ndipo anaiona futi ya fundi ya kupimia juu ya vitenge. Anashika kitasa amwite, anasita, anarudi kwenye tundu.

Fundi ameshageuka, amerudi. Hagongi. Amesimama nje juani, kofia mkononi, uso kaulekeza kwenye ubao, anasubiri aonekane.