Mpelelezi Asiyepiga Yowe

Reli ilipofika Dodoma nilikuwa kijana wa misheni. Nilikuwa nimefundishwa Maandiko, hesabu na Kijerumani kidogo, na kwa elimu hiyo nikapata kazi ya kuandika mizigo stesheni. Fundi mmoja Mjerumani aliletewa kutoka kwao vijitabu vyembamba vya hadithi, vyenye majalada ya rangi, na katika vyote shujaa alikuwa yule yule: mpelelezi asiye askari, anayelipwa na watu binafsi kutafuta mwuaji au mwizi. Akishakisoma kimoja, fundi alikitumia kuwashia moto wa chai. Nilimwomba anipe mimi kabla ya moto, naye akanipa. Namshukuru Mungu hata kwa hilo, ingawa mchungaji wangu asingelishukuru.

Alasiri, baada ya kazi, nilikaa kwenye baraza ya duka la Mwislamu mmoja, mahali ambapo leo ni mtaa wa Majengo, nikawasomea watu kwa Kiswahili huku nikitafsiri. Wasikilizaji wangu wa kila siku walikuwa mwenye duka, Mnyamwezi mmoja aliyekuwa mpagazi kabla treni haijamnyang'anya kazi, na mzee wa Kigogo, mfugaji, aliyeleta samli dukani kutoka kijiji cha jirani. Huyo mzee akifika alimsalimia kila mtu kwa Kigogo, "Mbukwa," akaketi, na kabla hajauliza bei ya samli aliuliza, "Mwalimu, yule bwana wetu kafikia wapi?"

"Chumba kimefungwa kwa ndani," nilisoma siku moja, "na tajiri amelala sakafuni, amekufa."

"Katoboa juu," akasema mzee. "Watazame udongo wa paa."

"Nyumba zao hazina udongo juu, baba."

"Sasa mvua wanaizuia kwa kitu gani?"

Mnyamwezi akacheka. "Mtani wangu, wewe kila nyumba unaiona tembe! Tajiri wa Ulaya alale na ndama ndani?"

"Angelala na ndama asingeuawa kimya kimya. Ndama wangelia."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini tulivipenda vile vijitabu. Hatukujua miji ile, wala ukungu wake, wala magari ya farasi. Nadhani tulipenda kwamba kila kilichofichwa kilifichuliwa kabla karatasi hazijaisha. Kanisani nilifundishwa kwamba siri zote zitafunuliwa, lakini siku yake sikuambiwa. Hapa zilifunuliwa kabla ya magharibi. Mzee alipenda jambo lingine zaidi: kwamba mpelelezi hakumwambia mtu lolote. Aliinama, akatazama majivu na matope, akanyamaza, na mwisho akawakusanya wote akawaambia. "Huyu ni mwanamume," mzee alikuwa akisema. "Anajua kwanza, halafu anasema."

Kwetu mambo hayakuwa hivyo. Ng'ombe wakiibwa, mwenye mali hupiga yowe, na watu hufuata kwato pamoja. Kwato zikiingia katika ardhi ya kijiji kingine, wenye kijiji hicho huzipokea: nao hupiga yowe, hutoka wote, na kuonyesha mbele ya mashahidi mahali zilipotokea upande wa pili. Wakishaonyesha, mzigo umewatoka. Asiyeonyesha hulipa. Haulizwi kama ni mwizi.

Mwaka huo mzee alikuwa na mitamba wawili aliowatenga kwa mahari ya mwanawe. Mkwe aliyetarajiwa, baba wa binti, alikaa ng'ambo ya korongo, na walikuwa wamekwisha kukubaliana kuhusu arusi. Kabla mitamba hawajavushwa, huyo mkwe akaibiwa madume wawili. Alfajiri mzee alikwenda kutazama shamba lake akaona kwato mbichi zimekatiza ndani yake, zikitoka upande wa korongo. Mtu mwingine yeyote wa nchi ile angepiga yowe palepale. Yeye alinyamaza. Aliinama, akatazama, akazifuata peke yake mpaka zilipoingia porini kuelekea machweo, akaona hata kinyesi kilipodondoka. Akarudi nyumbani na furaha yake, akisubiri watu wakusanyike apate kuwaeleza.

Adhuhuri mvua ikanyesha, ikafuta kwato zote za porini. Watu wa ng'ambo walipofika, walichokikuta kimesalia chini ya mti wa mwisho wa shamba ni alama za madume na, juu yake, alama za viatu vya ngozi vya mzee. Kila mtu alivijua, maana mzee alivikata mwenyewe.

Shauri lilisikilizwa kwa jumbe. Mzee aliomba niitwe, nami nikaenda.

"Uliziona kwato asubuhi?" jumbe akamwuliza.

"Niliziona."

"Ukanyamaza?"

"Nilitaka kujua kwanza."

"Ukijua peke yako, shahidi wako ni nani? Mvua?"

Watu wakacheka. Mkwe hakucheka. Jumbe akanigeukia. "Mwalimu, huyu anasema kuna mzungu hufanya hivi. Yupo?"

"Yupo kitabuni, baba."

"Na huko kitabuni majirani zake wanamwamini?"

"Wanamwamini."

"Na viatu vyake haviachi alama?"

Mzee akahukumiwa kulipa mitamba wawili kwa ajili ya madume wawili, na mitamba aliokuwa nao ni wale wale. Wakavushwa korongo kama ilivyopangwa, wakaingia zizi lile lile, ila sasa walikuwa fidia. Mahari ilikuwa bado.

Mwizi hakujulikana. Mpaka leo simjui, na nimekwisha kuridhika kutomjua. Mkwe hakusema kwamba mzee ni mwizi, wala hakusema kwamba si mwizi. Alisema tu binti atakaa kwao mpaka mitamba wengine wapatikane, na kwamba wako wengine wanaomwulizia. Mzee alikuwa na ng'ombe jike mmoja mwenye mimba na mwingine mzee. Kijana wake aliacha kula nyumbani.

Nilidhani mzee hatarudi barazani. Alirudi wiki iliyofuata na samli yake, akasema "Mbukwa," akaketi. Tofauti ilikuwa moja: mpelelezi alipoinama peke yake kutazama matope, mzee alimfokea, "Piga yowe, mjinga wewe!" Mnyamwezi alipata neno la kumtania mwaka mzima.

Mavuno yalipokwisha, mkwe naye akaja. Alisimama mbali kidogo, fimbo begani. "Nimekuja kumwona huyo aliyemtia mzee huyu hasara," akasema. Nikamwambia aketi. Nilikuwa nasoma habari ya mjane aliyewekewa sumu katika supu, na nyumba nzima ilishukiwa. Mwanzoni alitazama barabarani. Baadaye fimbo ikashuka. Baadaye tena akasogea, akaanza kumshuku mpwa wa marehemu kwa sauti kubwa. Mpelelezi alipowaita wote sebuleni ili amtaje mwuaji, mwenye duka aliondoka kwenda kuswali magharibi, nami nikafunga kijitabu, maana saa yangu ya sala ya jioni ilikuwa imefika.

"Unafunga?" mkwe akasema. "Nani kamwua?"

"Kesho, baba."

"Kesho! Mtu ataweza kulala? Malizia hapo tu!"

Mzee akamgusa mkono. "Subiri, mkwe wangu. Mimi binti yako namsubiri, sipigi kelele."

Mkwe akacheka mpaka akashika mbavu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya shauri kumwona akicheka na mzee bila uchungu. Walipoinuka, akasema, "Yule jike wako mwenye mimba akizaa jike, nitampokea huyo. Wa pili tutahesabiana mbele ya safari. Kijana aje kusalimia."

Ng'ombe yule alizaa ndama jike. Nilihudhuria arusi, nikaombwa nisali, nikasali.

Hadithi ya mjane niliimaliza kesho yake, na mkwe alifika mapema. Mwuaji alikuwa mpishi. Mkwe alikasirika sana.