Hedvika na Hewa ya Chini ya Sakafu

Jirani yangu Hedvika Trnková alikuwa bingwa wa kuziba baridi. Milimani kwetu baridi hugandisha hata uongo mdomoni. Mimi hungoja kiangazi ndipo niseme wangu. Kila vuli alishona vifuko virefu vya kitambaa, akavijaza vumbi la mbao na kuvilaza kati ya vioo viwili vya kila dirisha. Upepo ukifika kwake ulibisha hodi, ukachoka, ukaja kwangu.

Mjukuu wake Radka alipokuwa mjamzito, walikubaliana mtoto alelewe kwa Hedvika. Lakini kwanza Radka akaweka kikopo cha kupimia hewa chumbani, kikakaa huko hadi theluji ikayeyuka. Majibu yalisema gesi ya radoni imezidi mno.

"Simleti mtoto hadi ishuke, bibi."

"Gesi gani isiyonuka? Babu yako alinuka na hakumdhuru mtu."

"Haionekani wala hainuki. Inatoka ardhini, inapenya kwenye ghala la viazi chini ya sakafu, na ukiivuta miaka mingi inakuletea saratani ya mapafu."

Vuli iliyofuata, mtoto akiwa ameshazaliwa na yuko mjini, Hedvika alishona vifuko maradufu, akaziba hata matundu ya funguo. Kikopo cha pili kikaonyesha gesi imepanda. Nilimkuta jikoni analia, kofia ndogo ya sufu mapajani.

Nikamwita fundi Vojta. Alikagua sakafu kwa tochi, kisha akaketi.

"Mama, umeifungia ndani. Jiko likiwaka, hewa moto inapanda, na nyumba inafyonza ya ardhini kupitia nyufa hizi. Mlango wa kuziba ni huu wa chini, si dirisha."

"Yaani nilikuwa namshonea kitukuu changu sumu?"

"Ulimshonea joto. Hukujua tu."

Vojta akaziba nyufa na kifuniko cha ghala, akapitisha bomba kutoka chini ya sakafu hadi juu ya paa, akaweka na feni ya kufyonza gesi hiyo kabla haijaingia ndani. Hedvika mwenyewe akatoa nusu ya vifuko, kimoja kimoja, kama anayewaaga watoto.

Kikopo cha tatu kilipoleta majibu mema, Radka aliyasoma mara mbili, ndipo akaenda mjini kumchukua mwanawe, Matouš. Matouš alilala kifuani mwa Hedvika mchana kutwa.

"Nipe na mimi nimpakate," nikasema.

"Ngoja zamu yako, mwongo wee. Mimi nimengoja zaidi."