Fundi Umeme wa Nsambya Kwenye Barafu ya Kusini

Niliondoka Kampala kwa sababu ya kazi. Kituo kimoja cha utafiti huko Antaktika, nchi ya barafu iliyo kusini kabisa mwa dunia, kilitafuta fundi umeme wa msimu wa kiangazi, nami nikachaguliwa. Baba, polisi mstaafu ninayeishi naye mtaa wa Nsambya, hakufurahi.

"Huko kwa barafu, ukianguka nani anakuokota?" aliniuliza asubuhi ya safari.

Hata hivyo alinisindikiza hadi uwanja wa ndege wa Entebbe.

Cape Town tulingoja hali ya hewa itulie. Kila rubani alipokataa kuruka nilifarijika, kisha nikaona haya. Hatimaye tuliruka, na ndege ikatua juu ya barafu tupu.

Kituoni nilipokewa na Henrik, mkuu wa kituo, mzee wa sauti ya chini. "Umesimama juu ya vituo viwili," aliniambia. Cha kwanza, cha mbao, kilifukiwa na theluji. Cha pili kilipondwa na uzito wa theluji hiyo. Hiki cha tatu kina miguu ya chuma, na kila kiangazi huinuliwa ili kisimezwe. Maji ya kunywa ni theluji iliyoyeyushwa kwa joto la jenereta.

"Tunachoogopa zaidi ni moto," alisema. "Nyumba ikiungua, hatuna jirani."

Wiki za mwanzo nililala vibaya. Jua la kiangazi cha huko halikuzama hata usiku, na jenereta ilipobadilisha mlio nilishtuka.

Siku moja, baada ya chakula cha mchana, dhoruba ilitujia ghafla. Lucia, mpimaji wa hali ya hewa, alikuwa kwenye kibanda cha vipimo, mbali kidogo na kituo. Alituambia kwa redio kwamba anarudi akifuata kamba iliyofungwa kutoka kibandani hadi kituoni, kisha redio ikanyamaza. Henrik alitoka kumtafuta, akarudi peke yake, nyusi zimeganda. Kamba ilikuwa imekatika. Nje mtu hakuweza kuona hata mkono wake.

"Haoni, lakini anasikia," nilisema. "Niache nitoe king'ora cha moto nikifunge nje."

"Na moto ukitokea humu?"

"Nitakaa na jenereta mwenyewe."

Alinitazama, kisha akaleta ngazi. Nilifunga nyaya kwa vidole vilivyokufa ganzi, yeye ameshika mkanda wangu. King'ora kikaanza kulia. Nikashuka kwenye jenereta, nikawa nanusa hewa kama kuna moshi, nikijiuliza kama nimewahatarisha wote kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufa.

King'ora kilipozimwa nilidhani Henrik amekata tamaa. Nilipanda mbio. Lucia alikuwa sakafuni karibu na mlango, amejaa theluji, akilia bila sauti. Alikuwa ametambaa akiufuata mlio.

Mwisho wa kiangazi nilirudi nyumbani. Jioni hiyo nilimweleza Baba yote.

"Uliogopa?"

"Tangu siku ya kwanza. Hata nikifunga zile nyaya."

Nilikuwa nimekwenda nikidhani watu wa kule hawana hofu. Wanayo. Huamka nayo, wakakagua kamba, wakainua nyumba, wakaenda kazini.

Baba alisogeza kiti chake karibu. "Mimi pia niliogopa," alisema, "miaka yote ya polisi. Mama yako sikumwambia." Kisha, bila kuulizwa, akaanza kunisimulia.