Mguu Mmoja Uliofungwa

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipotoka kwa fundi wa magari nikicheka peke yangu barabarani kama mtu aliyeokota pochi. Nilikuwa nimempunguzia bei hadi karibu nusu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina pikapu yangu kuukuu ya kubebea kabichi, na katika soko zima la Bahati hakuna aliyeniweza kwa kupatana bei. Wauza mbegu walikuwa wakiniona kwa mbali wanapandisha bei kabla sijafika, ili wapate pa kushukia.

Nimeikumbuka siku hiyo kwa sababu ya maneno yako ya jana. Ulikuja kwangu, mimi dada mkubwa wa mama yako, kunionyesha gari lako la kwanza, nikafurahi, nikalizunguka mara mbili nikimwomba Mungu alibariki. Kisha ukasema, "Tata, si unajua fundi mwenye hayuko ghali? Breki zinalia kidogo, lakini bora inatembea."

Uliona nimeinama kutazama magurudumu ukadhani sijasikia. Nilisikia. Neno hilo hata mimi niliambiwa zamani, nikalipokea kama hekima. Tena kuna jambo mama yako amekuficha kwa ajili yangu. Tangu utotoni amekwambia kwamba mguu wake uliharibika alipoteleza kwenye matope. Hakuteleza. Keti nikueleze, na nikimaliza uniangalie utakavyoniangalia.

Pikapu yangu ilikuwa imeanza kuvuja mafuta ya breki kwenye gurudumu la nyuma, upande wa kushoto. Niliipeleka kwanza kwa Mzee Ouma, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya reli kule Nakuru, na baada ya kustaafu akafungua gereji ndogo nyuma ya nyumba yake hapa Bahati. Alikuwa mtu wa desturi zake. Bei aliitaja mara moja tu. Na kila spea aliyoitoa kwenye gari lako, hata iwe imechakaa namna gani, aliifunga kwa gazeti akakuwekea kwenye kiti, ili ujue kwa macho yako kwamba ya zamani imetoka na mpya imeingia. Watu walimcheka, wakasema anawabebesha takataka.

Alifungua gurudumu, akaniambia silinda ya breki imekwisha, inunuliwe nyingine. Akataja bei. Nami nikaanza vituko vyangu vya sokoni: nikashangaa, nikashika kiuno, nikajifanya ninaondoka. Mzee akafuta mikono kwa kitambaa, taratibu.

"Mama," akasema, "nyanya ukipunguziwa bei, unaenda na nyanya ile ile. Lakini hii kazi nikikupunguzia, kuna mahali itapungua. Na wewe hutaona ni wapi."

Nilimwona mzee mwenye kiburi. Nikamjibu kwamba mafundi wako wengi kuliko magari, nikaondoka kweli.

Karibu na steji ya matatu kulikuwa na kijana mwenye maneno matamu. Alichungulia chini ya pikapu kwa muda mfupi tu, akainuka akitabasamu. "Madam, hiyo ni kitu ndogo. Tunafunga tu huo mguu moja, hizo zingine tatu zitashika. Bora inatembea."

Mafundi wetu gurudumu huliita mguu. Kufunga mguu ni kuziba bomba la breki linaloenda kwenye gurudumu hilo, mafuta yasifike huko na yasivuje. Kuvuja kunakwisha kweli, na breki ya gurudumu hilo nayo inakwisha. Nilielewa, mwanangu. Sitajificha nyuma ya ujinga, maana kijana yule alinieleza yote. Nikapiga hesabu za muuza kabichi: mitatu kati ya minne, si haba. Kisha hata hiyo bei yake ndogo nikaikata tena. Hapo ndipo nilipotoka nikicheka.

Siku mbili baadaye mama yako alikuwa anasafiri kwenda Naivasha. Alikuwa na miaka kumi na tisa, amepata kazi ya kufungasha maua kwenye shamba moja kubwa, na rafiki yake wa Kamere, huko huko Naivasha, alikuwa amemwekea kitanda. Alivaa viatu vyangu vyeupe vya kanisani, nilivyomwazima ili asiende kuanza kazi na ndara. Nikamwambia, "Wambui, ya nini kulipa nauli hadi mjini na mimi nashuka na kabichi?" Hata hapo nilikuwa ninaokoa pesa. Akapanda mbele, kushoto kwangu, begi lake mapajani.

Mvua ilikuwa imenyesha na lami inateleza. Tulipokuwa tunateremka kuelekea mjini, mkokoteni wa punda ukajitokeza kutoka njia ya pembeni. Nilikanyaga breki. Upande wa kulia ukashika, wa kushoto nyuma haukushika, na pikapu ikageuka ubavu na mzigo wake wote. Mwenye punda alisalimika na punda wake akasalimika. Sisi tuliteleza hadi kwenye ukuta wa daraja dogo, na upande uliogonga ulikuwa wa dada yangu. Mimi sikupata hata mkwaruzo. Nakumbuka kabichi zikibingirika barabarani na kiatu kimoja cheupe katikati yake. Sijawahi kuvivaa tena viatu vile.

Madaktari waliuokoa mguu, lakini goti halikukunjika tena. Kazi ya maua ni ya kusimama kutwa, kwa hiyo nafasi yake ikachukuliwa na mwingine.

Pikapu iliburutwa hadi kwa Mzee Ouma kwa sababu ndiko kulikokuwa karibu. Wiki ya pili akaja hospitalini amevaa koti lake la Jumapili. Alimsalimu mama yako, akamwombea, kisha akaniita nje. Akaniwekea mkononi kitu kidogo kilichofungwa kwa gazeti.

"Hii ni ya gari yako," akasema.

Nilifungua nikakuta gololi ya chuma, ndogo kama punje ya mahindi. Ndiyo aliyozibia bomba yule kijana wa steji. Nilitaka mzee anitukane. Nilitamani apige kelele watu wote wa wodi wasikie, ningepumua. Hakupiga kelele. Alinitazama kwa huruma, na huruma hiyo iliniumiza zaidi.

"Gari kutembea si kazi," akaniambia. "Hata jiwe ukilisukuma kwa mteremko, litatembea. Kazi ni kusimama."

Mwanangu, wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilifundishwa methali hiyo shuleni, nikaijibu kwenye mtihani nikapata. Lakini mimi ndiye niliyekataa kusikia, na guu lililovunjika lilikuwa la mwingine. Pikapu ilibaki na miguu mitatu mizima. Mama yako alibaki na mmoja.

Hajawahi kunilaumu, hata siku moja. Alijifunza kushona, akawa anakanyaga cherehani kwa mguu wake mzima, na cherehani hiyo ndiyo iliyokusomesha. Ulipozaliwa ukakua ukaanza kuuliza maswali, yeye mwenyewe ndiye aliyetunga hadithi ya matope, ili uendelee kunipenda. Nilimwacha aitunge. Hilo nalo ni kosa langu, na limenilemea kuliko lile la kwanza. Ila wewe umeshawahi kujiuliza kwa nini mama yako hakai kiti cha mbele cha gari lolote? Sasa unajua.

Sikwambii utupe pesa. Mwanamke aliyeishi kwa kabichi hawezi kukufundisha ubadhirifu. Bana matumizi, lakini jua pa kubana. Mlango uliobonyea hauui mtu. Taa, kioo cha pembeni, viti, nunua vya mtumba kwa wanaovunja magari makuukuu na kuuza spea zake, na upatane bei mpaka wakukimbie kama walivyonikimbia mimi. Badilisha oili kwa wakati, maana injini iliyotunzwa haikusumbui. Spea nenda ukanunue mwenyewe, uulize duka la kwanza na la pili na la tatu, kisha usimame pale fundi anapofanya kazi hata kama jua ni kali. Spea ya zamani uidai, uondoke nayo. Na gari likianza kulia, lisikilize siku hiyo hiyo. Breki inayolia leo inataka pedi peke yake. Ukiziba masikio hadi mwezi ujao itataka na diski. Huko ndiko kuokoa pesa kwenyewe, na mafundi wa maneno matamu hawatakwambia.

Lakini breki, usukani na tairi usivipeleke sokoni. Hapo tafuta fundi mwaminifu, umwulize bei, ulipe. Kama huna pesa, gari lilale, utembee kwa miguu. Hakuna aibu kutembea kwa miguu ukiwa nayo yote miwili. Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwao ndio huketi kushoto kwako.

Mzee Ouma tulimzika miaka mingi iliyopita. Gololi yake ninayo. Gazeti lake la kwanza lilioza, nikaifunga kwa jingine, na leo nimeifunga kwa la wiki hii. Ichukue, uitunze pamoja na funguo zako.

Wengi watakuombea ufike salama. Mimi nakuombea Mungu akujalie kusimama kila unapotaka kusimama. Akupe mafundi wa kweli na masikio ya kuwasikia, na wote utakaowabeba washuke kama walivyopanda. Na breki zikishatengenezwa, nenda kwa mama yako umfungulie mlango wa mbele. Usimlazimishe. Mwambie tu kwamba nimekueleza yote, na kwamba umetengeneza miguu yote minne.