Jina Lililobaki Ndani ya Wasifu

Siku hizi kompyuta inakujibu kabla hujamaliza kuandika unachotafuta. Unagusa herufi tatu tu, mafaili yamejipanga. Watu wanasifu kasi, lakini si kasi. Ukiiacha ukaenda kunywa chai, yenyewe inabaki inasoma kila ulichowahi kuandika, neno kwa neno, na kujiwekea kumbukumbu kwamba neno hili limo faili lile. Ukija kuuliza, inachungulia tu kumbukumbu zake. Nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza nilisema Mungu wangu, maana mimi nilishaona mashine inayosoma kila kitu inaweza kukuletea nini.

Ya kwetu pale Igoma haikuwa ya hivyo. Ilikuwa miaka ya tisini, soko limefunguliwa, kila mwenye mlango wa kuelekea barabarani anafungua biashara. Bosi wangu, mwanamke mwenye shughuli zake, alinunua kompyuta ya mtumba akaanzisha ofisi ya kuchapa na kutoa kopi kwenye barabara ya Musoma. Mimi nilikuwa nimetoka Nansio, kisiwani Ukerewe, naishi kwa shangazi Kiseke, na cheti changu cha kupiga taipu kilikuwa kinaliwa na mende. Akaniajiri.

Kazi iliyotulisha ilikuwa wasifu wa marehemu, ile karatasi inayosomwa kabla ya kuzika: alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, aliugua vipi, ameacha mjane na watoto gani. Miaka ile watu walikufa, jamani. Vijana walitangulia wazazi wao. Ndugu waliingia ofisini asubuhi na mapema macho mekundu, wanataka karatasi kabla jeneza halijatoka hospitali, na kuhusu ugonjwa tuliandika "aliugua kwa muda mrefu" tukaishia hapo.

Bosi hakuwa na subira ya kuanza ukurasa mpya. Alifungua wasifu wa marehemu wa juzi, akafuta jina, akaweka la huyu wa leo, akafuta kijiji, watoto, mjane, akajaza wengine, kisha akauhifadhi kama faili jingine. Yote aliyaita MSIBA, na namba mbele. Nilimwambia hii kazi ni ya hatari. Akanikata jicho: "Wewe binti, nimekuajiri uchape au unihubirie?"

Basi akaja mama mmoja. Nilimjua kwa sura, alikuwa fundi cherehani barazani, maduka machache kutoka kwetu. Mume wake alikuwa amezikwa wiki mbili kabla, na wasifu ulichapwa kwetu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama, akaweka karatasi mezani mbele ya bosi.

"Someni hapo kwa mjane."

Bosi akasoma. Mimi nikasoma begani kwake. Jina la mjane lilikuwa la mwanamke mwingine kabisa, jina la kikwetu, la Ukerewe.

"Limesomwa hivyo mbele ya watu wote," alisema. "Nataka kujua huyu ni nani. Miaka yote nimelala na mtu kumbe ana mke mwingine? Nani aliwaletea hili jina?"

Nilimwangalia bosi. Nilijua anajua. Akaikunja ile karatasi taratibu, akamrudishia: "Mama, sisi tunachapa tunacholetewa. Waulize wakwe zako."

Yule mama akaondoka. Mimi nilichemka! Nilisema, dada, hivi unamwachia mjane mzigo wa namna hiyo kwa sababu ya jina la biashara? Akaniambia kama nina uhakika limetoka kwetu, nilete ushahidi, kama sina nifunge domo. Haya. Nikasema nitauleta.

Ile kompyuta ilikuwa na sehemu ya kutafuta, ilikuja nayo, na hakuna aliyewahi kuigusa. Bosi alipotoka kwenda mjini nikaifungua. Kwanza niliandika lile jina penye jina la faili. Hakuna kitu. Ni haki yake, huko inaangalia jina la nje tu, na nje yote yalikuwa MSIBA. Chini yake kulikuwa na nafasi nyingine, ya neno lililomo ndani. Nikaandika hapo, nikabonyeza.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Haikuwa na kumbukumbu yoyote ya kuchungulia, kwa hiyo ilibidi ifungue faili moja, isome kuanzia mwanzo hadi mwisho, ilifunge, iende kwenye jingine. Kioo kidogo cha kukuzia kilizunguka juu ya skrini, na diski ilikoroma ndani kama mtu mwenye mafua. Katikati umeme ukakatika. Uliporudi ikaanza upya kabisa, haikumbuki hata pale ilipofika. Nilitukana kidogo, naomba radhi.

Kisha majibu yakaanza kushuka. Si moja. Yalishuka tu, MSIBA huu, MSIBA ule, skrini ikajaa. Nikafungua la kwanza: mzee mmoja mfugaji. Nikasoma lote, lile jina halimo. La pili, mwalimu wa kike. Halimo. La tatu lilikuwa la mtoto wa chekechea. Mtoto, jamani! Mashine inasema jina la yule mwanamke limo ndani yake, na mimi nasoma mistari yake michache, hana mke, hana lolote, ana wazazi tu.

Mchana kweupe, barabarani watu wanapigiana kelele, na mimi nimeogopa mashine. Niliona kama yule mwanamke anapita msiba hadi msiba, anakaa kwa kila marehemu, na hakuna anayemwona.

Baadaye nilikuja kuelewa. Programu ile ya kuandikia, ili ihifadhi haraka, haikuondoa ulichofuta. Ilikiacha palepale ndani ya faili, ikaandika mapya pembeni, na kujiwekea alama kwamba hayo ya zamani yasionyeshwe. Sisi tunasoma ukurasa. Kitafutaji hakisomi ukurasa, kinasoma tumbo zima la faili, kilichofutwa na kisichofutwa. Kila bosi alipochapa juu ya marehemu wa juzi, alimbeba huyo na wote waliomtangulia. Lakini siku ile sikuyajua hayo. Niliendelea tu, kwa sababu ya ubishi.

Nikayapanga majibu kwa tarehe. La zamani kuliko yote nikalifungua, na humo jina lilikuwepo, wazi, linasomeka: mjane wa marehemu mmoja wa Ukerewe, mvuvi, aliyezikwa kwao kabla sijaajiriwa. Kijiji kingine, watoto wengine, kanisa jingine. Hakuwa na undugu wowote na mume wa fundi cherehani. Safari ile bosi hakuchukua wa juzi, alikuwa amefungua huo wa zamani, akafuta kila kitu, akauruka mstari mmoja.

Sikumngoja bosi. Nilikimbia hadi barazani kwa yule mama, nikamshika mkono, nikamleta, nikamkalisha kwenye kiti changu. Nilikuwa natabasamu, ndiyo, nafurahi kabisa. Nikamsomea wasifu wa mvuvi polepole, nikamwonyesha jina kwa kidole.

"Kwa hiyo huyu ni mke wa huyu."

"Ndiyo, mama. Mume wako hakuwa na mtu. Ni makosa yetu, tuliacha mstari wa watu wengine kwenye karatasi yako."

"Hakuwa na mtu."

"Hakuwa na mtu, mama."

Nilitegemea ashukuru. Nilidhani hata atacheka. Alitazama skrini, mikono ameilaza mapajani. Mteja aliyekuwa anasubiri kopi akatoka nje.

"Waliniita nitie udongo," alisema. "Baada ya kusoma. Mjane ndiye wa kwanza. Wakaita, nikakaa. Shemeji akaja kuninyanyua, nikamwambia mwiteni huyo mliyemtaja. Nikamwacha mume wangu anafukiwa na watu, mimi nimekaa, sikuinuka."

"Pole, mama," nilisema.

Akainuka, akajifunga khanga vizuri, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Ungeniacha na hasira yangu, mwanangu. Hasira nilikuwa naiweza."